Mbio za mashine za kukata nyasi: uingie za usiku kucha au za dakika chache, na ukalie mashine ipi?

Mpwa wangu anayeishi Leicester alinipigia simu Jumapili moja, na baada ya shikamoo hakuzunguka. "Mjomba, mimi na wenzangu wawili tumeamua. Tunataka kuingia zile mbio zenu za mashine za nyasi. Tuanze na za usiku kucha au zile fupi? Na tutafute mashine gani?" Nilimwambia anipe siku mbili, maana maswali yale yanashikana: ukishachagua mbio, mashine karibu inajichagua yenyewe, na kinyume chake. Haya ndiyo niliyomwandikia. Nimeyaongeza kidogo kwa ajili ya wengine wenye hamu kama yake, na kwa yeyote anayewaza kuandaa mbio zake mwenyewe.

Mimi ni fundi wa injini ndogo. Kazi nilijifunza Morogoro kwenye jenereta na pampu za kumwagilia, na tangu nihamie kusini mwa Uingereza nimekuwa fundi wa timu moja ya mbio hizi kwa misimu kadhaa. Siendeshi, nashika spana. Kwa hiyo nayaona mambo kutoka upande wa sevisi, pale mashine zinapotengenezwa wakati wa mbio, nilipo na taa ya kichwani na mikono yenye grisi, na ninaamini huko ndiko mbio ndefu zinakoamuliwa.

Mchezo wenyewe kwa asiyeujua

Tunazungumzia mashine za kukata nyasi zenye injini, nyingi zikiwa zile za kukalia, zenye magurudumu manne na usukani, ambazo kwetu mtu huziona kwenye viwanja vya gofu na bustani za hoteli kubwa. Visu hutolewa vyote kabla ya mashine kuingia uwanjani. Hilo ni sharti Uingereza na ni sharti Marekani pia. Dereva huvaa kofia ngumu, glovu na mavazi ya kumkinga, na kuna kamba fupi inayomfunga kwenye swichi ya injini: akianguka, kamba inachomoka na injini inazimika hapo hapo.

Uingereza mchezo huu una mahali pake pa kuzaliwa, kijiji cha Wisborough Green huko West Sussex. Mwaka 1973 Jim Gavin na rafiki zake walikuwa kwenye baa ya Cricketers Arms wakilalamika kwamba mbio za magari zimekuwa za wenye fedha tu. Walitafuta chombo chenye injini ambacho kila mtu anacho tayari. Nje ya baa kuna uwanja wa kijiji wa kriketi, na mtunzaji wake alikuwa akikata nyasi. Jibu likapatikana hapo: karibu kila nyumba ya kijiji ilikuwa na mashine ya nyasi bandani. Ndipo ikaundwa British Lawn Mower Racing Association, ambayo hapa nitaiita chama tu, na misingi yake haijabadilika: hakuna wadhamini, hakuna zawadi za fedha, hakuna biashara, injini haiguswi, na faida ikipatikana inakwenda kwa mashirika ya hisani.

Mbio ndefu, za muda wa saa 12 usiku kucha, zilianza mwaka 1978, na walioziingia si watu wa kubahatisha. Derek Bell, aliyeshinda mara 5 mbio za magari za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa, ameshinda mbio hizi. Stirling Moss, mwenye ushindi wa Grand Prix 16 za Formula 1, ameshinda pia. Mwigizaji Oliver Reed, aliyekuwa akiishi jirani, alikuwa akileta timu yake. Nawataja kwa sababu moja: wanaume waliokwisha kuendesha magari bora duniani walikaa juu ya mashine isiyo na springi hata moja, gizani, bila kulipwa, na wakarudi tena.

Mbio ndefu na mbio fupi

Mbio za saa 12 huanza saa mbili usiku wa Jumamosi na kumalizika saa mbili asubuhi ya Jumapili. Kila mashine ina madereva watatu wanaopokezana. Wanaanza kwa kukimbia kwa miguu hadi zilipopangwa mashine, kama walivyokuwa wakianza zamani kule Le Mans, kisha ni kuzunguka. Atakayekuwa amemaliza mizunguko mingi zaidi saa mbili asubuhi ndiye mshindi.

Mbio fupi ni za mchana. Unaingia uwanjani kwa dakika chache, unatoka, unapumzika, unaangalia mashine, unaingia tena, na mwisho wa siku kuna fainali. Pointi hukusanywa kiangazi chote, kutoka shamba moja hadi jingine.

Ukiziangalia kwa mbali utasema tofauti ni muda tu. Sivyo. Katika mbio fupi ukikosea kona unapoteza nafasi mbili. Katika mbio ndefu ukikosea kona hakuna anayekumbuka, ila ukiacha nati moja bila kukaza utakumbukwa. Mbio fupi zinataka dereva mkali. Mbio ndefu zinataka mashine isiyosimama, na mashine isiyosimama ni kazi ya watu wasiokaa kwenye kiti.

Aliyekulia akisikiliza Safari Rally redioni ataelewa haraka. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakawa 7 tena, na miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff kwenye Peugeot. Joginder Singh alishinda mara 3, na wazee waliomwona husifu kwanza jinsi alivyojua gari lake, kasi yake wanaitaja baadaye. Mbio za saa 12 za mashine ya nyasi ni za ukoo huo, ingawa hazitoki nje ya shamba moja.

Sasa tuziweke bega kwa bega, maana hapa ndipo mpwa wangu alipotaka nimfikishe.

Upande wa watu. Kwa mbio fupi unahitaji dereva mmoja na rafiki mmoja wa kushika mashine. Kwa mbio ndefu unahitaji madereva watatu, mafundi wawili wasioendesha, mtu wa mafuta, na mtu wa chakula na kuhesabu mizunguko. Usiku wetu wa kwanza tulikwenda wanne tu: madereva watatu na mimi. Ilipofika saa tisa usiku nilikuwa nimebadilisha mkanda, nimerekebisha waya wa gesi, na nimefungua gurudumu la mbele mara mbili. Mara ya pili sikulikaza sawasawa. Nilikaza nati kwa mkono nikidhani nimetumia spana, kwa sababu mwili ulikuwa umechoka na kichwa kilikuwa kinakumbuka ule mzunguko wa kwanza wa kazi. Mashine ikaenda mizunguko mitatu, gurudumu likatoka. Dereva alisalimika, tulipoteza muda mrefu, na mimi sijawahi tena kufanya kazi ya usiku bila mtu wa pili anayekagua nati baada yangu. Kama huna watu saba unaoweza kuwategemea usiku mzima, bado hujafika kwenye mbio ndefu. Subiri.

Upande wa mwili. Mashine hizi hazina springi. Kila shimo la shamba linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na kwenye viganja zaidi. Saa 12 ukizigawa kwa watu watatu ni saa nne nne kila mmoja, na sisi huzikata vipande vya kama saa moja. Nimeona kijana mwenye kifua cha mbao akishuka baada ya saa yake ya kwanza hawezi kufungua vidole. Katika mbio fupi maumivu hayo hayakupati, unamaliza kabla hayajaanza. Usidanganywe na umbo la mashine. Zilizotayarishwa vizuri hukaribia kilomita 80 kwa saa, na kasi hiyo ukiwa umekaa chini karibu na nyasi, katikati ya wenzako, bila mlango wala mkanda wa kiti, si jambo dogo.

Upande wa fedha. Kwa mtu wa kawaida mbio fupi ni nafuu kwa siku moja, lakini ukijumlisha msimu mzima wa kusafirisha mashine kila wiki chache, mafuta ya gari na malazi, pengo linapungua sana. Mbio ndefu zinakula spea nyingi kwa usiku mmoja: mikanda, beringi, tairi, plagi. Ila ni usiku mmoja. Mwenye kazi isiyompa nafasi wikendi nyingi anaweza kukuta mbio ndefu ndizo zinazomfaa kwa mfuko na kwa kalenda. Hili watu hawalisemi, wanadhani ndefu ni ghali moja kwa moja.

Upande wa kujifunza, mbio fupi zinashinda bila ubishi. Siku moja ya mbio fupi inakupa kuanza mara kadhaa, kona ya kwanza yenye msongamano mara kadhaa, na nafasi ya kurudi na kubadilisha kitu kati ya raundi moja na nyingine. Mbio ndefu zinakupa kuanza mara moja tu kwa mwaka.

Uingereza na Marekani

Nimeulizwa pia na ndugu walioko Marekani. Kule mchezo una mizizi yake. Katika mji mdogo wa Twelve Mile, Indiana, wamekuwa wakishindana kwenye mashine za nyasi tangu 1963, tarehe 4 Julai, siku yao ya uhuru, mizunguko 60. Kisha mwaka 1992 ikaanzishwa United States Lawn Mower Racing Association, ikitangazwa tarehe 1 Aprili na kusukumwa na kampuni ya dawa ya kutunza petroli, STA-BIL. Hapo tayari unaona tofauti ya kwanza: mdhamini alikuwapo siku ya kuzaliwa, wakati Waingereza walimfungia mlango.

Tofauti ya pili ndiyo kubwa kwa fundi. Uingereza injini hubaki kama ilivyotoka kiwandani. Unaweza kuimarisha chesisi, ekseli, breki na usukani, na kasi unaitafuta kwenye puli, yale magurudumu madogo yanayozungushwa na mkanda: uwiano kati ya puli ya injini na puli ya gia boksi. Marekani wana madaraja mengi, kuanzia mashine ya kawaida kabisa iendayo polepole, hadi mashine ambazo injini imefumuliwa na kujengwa upya na fremu yake haijui tena bustani ni nini. Mtu anayependa kufumua injini, kubadilisha kamshafti na kucheza na kabureta, Marekani atafurahi. Mtu anayetaka mashindano ambamo fundi wa kawaida na tajiri wanaanza na injini ileile, aende Uingereza. Mimi moyo wangu uko Uingereza kwa jambo hili na sifichi. Injini ikishaachwa huru, mwenye fedha nyingi ndiye anayetangulia, na kilio cha pale baa mwaka 1973 kinarudi.

Wengine hunitumia video za Honda Mean Mower, mashine ya nyasi iliyojengwa kwa ajili ya kasi tu, iliyokwenda zaidi ya kilomita 187 kwa saa mwaka 2014 na baadaye, toleo la pili, kupita kilomita 240 mwaka 2019. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Haikusaidii kuchagua chochote hapa.

Makundi manne ya mashine

Chama cha Uingereza kinagawa mashine katika makundi manne, na mgeni akikosea hapa anapoteza mwaka.

Kundi la 1 ni mashine unazokimbia nyuma yake kwa miguu. Ni za mbio fupi tu na ni za watu wenye mapafu. Nazipita.

Kundi la 2 ndizo mashine za asili hasa. Edwin Beard Budding, mhandisi wa Gloucestershire, alipata hati ya ubunifu mwaka 1830 kwa mashine ya kukata nyasi aliyoigeuza kutoka kwenye mashine ya kunyoa manyoya ya vitambaa viwandani: visu vimezungushwa kwenye mhimili kama kikapu, na roli nzito nyuma. Roli ile ndiyo inayoacha mistari myeupe na myeusi kwenye nyasi za Waingereza. Mashine za Kundi la 2 ni vizazi vya ile. Nguvu inakwenda kwenye roli, na dereva anakaa kwenye kiti cha kukokotwa nyuma, ameshika mikono mirefu ya mashine. Hakuna usukani. Kupiga kona ni kuusukuma mwili wote upande mmoja huku roli ikitaka kwenda moja kwa moja. Ni nzuri mno kuzitazama. Kwa usiku mzima ni adhabu, na wanaozimudu nawavulia kofia. Usianze nazo, hata ukipewa bure.

Kundi la 3 ni mashine ndogo za kukalia zisizo na boneti mbele. Nyepesi, fupi, injini mara nyingi iko chini au nyuma ya dereva. Kwenye kona zinageuka haraka kama mbuzi. Faida yake kubwa kwa fundi ni kwamba unaifikia karibu kila sehemu bila kufungua kitu. Hasara yake ni hiyohiyo: vumbi, tope na nyasi navyo vinaifikia kila sehemu. Tena kwa kuwa gurudumu la mbele na la nyuma yanakaribiana, mashine inarukaruka kwenye mashimo, na dereva aliyechoka saa kumi alfajiri hana nguvu ya kuituliza.

Kundi la 4 ni zile zinazofanana na trekta dogo: boneti mbele, injini chini yake, dereva nyuma. Ni nzito zaidi na ndefu zaidi. Kwenye kona kali zinaachwa kidogo na za Kundi la 3, lakini zinakwenda zilikoelekezwa. Boneti inaikinga injini na tope, na kuna nafasi ya kufunga taa imara mbele. Mashine zake zilizokufa ni rahisi kuzipata kwa sababu ndizo watu wenye bustani kubwa hununua, na zikishindwa kukata nyasi huachwa bandani miaka mingi. Ya kwetu tuliinunua kwa bei ya baiskeli nzuri, panya wakiwa wamezaa kwenye kichujio cha hewa.

Kwa mbio fupi, kijana mwepesi mwenye mikono mizuri nitamwambia Kundi la 3. Kwa mbio ndefu, na kwa timu yoyote inayoanza, nasema Kundi la 4 na sitarudi nyuma. Sababu kubwa kuliko zote ni mkanda, na nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa hapa ndipo usiku unapopotea.

Mkanda

Mashine nyingi za kukalia zinapeleka nguvu kutoka kwenye injini hadi gia boksi kwa mkanda wa mpira. Klachi yake ni mkanda huohuo. Ukikanyaga pedali, puli ndogo ya kukazia inaachia, mkanda unalegea, injini inazunguka peke yake. Ukiachia pedali, mkanda unakazwa na mashine inaondoka. Kwenye bustani mpango huu unatosha kwa miaka kumi. Kwenye mbio, dereva anayeuacha mguu uelee juu ya pedali, hata kwa uzito wa kiatu tu, anaufanya mkanda uteleze kidogo kila wakati. Kuteleza ni joto. Joto linaung'arisha mkanda pembeni, mkanda uliong'aa unateleza zaidi, na baada ya saa moja unasikia harufu.

Harufu hiyo mimi naijua kabla dereva hajajua kwamba nguvu imepungua. Ilikuwa saa nane usiku, msimu wetu wa pili. Mashine yetu ilipita mbele ya sevisi na nyuma yake ikaja harufu ya mpira ulioungua, tamu kidogo, inayokaa kooni. Nikamwambia mwenzangu alete mkanda mpya na kuulaza kwenye kopo la maji ya moto, maana mkanda baridi ni mgumu kuuzungusha kwenye puli usiku wa baridi. Mashine ilikuja mzunguko uliofuata, inasuasua. Tuliiinamisha kwa ubavu juu ya gogo. Mkanda wa zamani ulikuwa umebaki nyuzi mbili. Nikaingiza mkono kati ya fremu na puli, kwa kugusa tu, kwa sababu pale hata taa ya kichwani haifiki, nikausikia ule moto wa puli kupitia glovu. Unaanza na puli ya gia boksi, unapita ndani ya vishikio viwili vya waya, kisha unamalizia na puli ya injini huku mwenzako akizungusha injini pole pole kwa mkono, plagi ikiwa imechomolewa. Ukivisahau vishikio vile mkanda utaruka kwenye shimo la kwanza.

Kwenye mashine yetu ya Kundi la 4 kazi ile ni dakika kumi na kidogo. Nimeona mashine nyingine ambazo lazima ushushe injini ili upitishe mkanda. Kwa hiyo ukienda kununua, kabla hujauliza bei, lala chini na mkanda mpya mkononi na ujaribu kuupitisha. Muuzaji atashangaa. Mwache ashangae.

Na mchague dereva kwa mguu wake wa kushoto. Tulikuwa na dereva mwenye kasi nzuri kuliko wote aliyekuwa akituunguzia mikanda miwili kila zamu. Tulimpa zamu ya mwanzo na ya mwisho, mwanga ukiwapo na watu wakiwa na nguvu ya kumtengenezea.

Ukiwa wewe ndiye mwandaaji

Sasa kwa wanaotaka kuandaa. Hapa pia swali ni refu au fupi, na ushauri wangu ni mkali zaidi, kwa sababu mshindani akikosea anaumia yeye, mwandaaji akikosea anaumia mtazamaji.

Vitu vya lazima kwa mbio zozote havibadiliki. Shamba ambalo mwenyewe ameridhia kwa maandishi, mara nyingi baada ya majani kuvunwa. Njia iliyowekwa alama, na watazamaji nyuma kabisa ya kamba ya pili, si ya kwanza. Msimamizi mwenye bendera kila kona, anayeonana na wenzake wa kushoto na kulia. Gari la wagonjwa lenye watu wake, bima, vizima moto, na ukaguzi wa kila mashine kabla ya kuingia: visu vimetoka, kamba ya swichi inafanya kazi, breki zinashika. Maji ya kumwagia vumbi, vyoo, maji ya kunywa. Majirani waelezwe mapema, kwa kubisha hodi mlango kwa mlango.

Mbio za mchana zikishakuwa na hayo, unaweza kulala. Mbio za usiku zinaongeza mambo matatu ambayo kila moja ni kazi nzima.

La kwanza ni wasimamizi wa kona. Mchana mtu mmoja anamudu. Usiku, mtu aliyesimama kwenye umande kwa saa nne haoni tena vizuri, na yeye ndiye jicho la dereva aliyepinduka mbele. Unahitaji zamu, na zamu maana yake mara mbili au tatu ya watu. Watu hawa hawalipwi. Kama huwezi kuwalisha chakula cha moto saa saba usiku, usiwaombe waje.

La pili ni mafuta. Tangi la mashine hizi ni dogo, hivyo kila timu itajaza mara nyingi gizani, karibu na injini iliyokuwa ikienda kwa kasi sekunde kumi zilizopita. Sheria iwe moja na isiwe na huruma: injini inazimwa, dereva anashuka, mtu mmoja anamimina na mwingine amesimama na kizima moto mkononi, si miguuni. Petroli ikidondokea egzosi ya moto huna muda wa kuinama.

La tatu ni kuhesabu mizunguko. Mchana wa mbio fupi kila mtu anaona nani yuko mbele. Saa kumi alfajiri, baada ya mashine moja kulala sevisi dakika arobaini na nyingine kuvunja ekseli na kurudi, hakuna mtu shambani anayejua msimamo ila meza ya wahesabuji. Wakipoteza mzunguko mmoja, imani ya timu zote inapotea, na kwenye mbio zisizo na zawadi ya fedha imani hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Weka vifaa vya kielektroniki ukiweza, na hata ukiviweka, weka watu wawili wa karatasi pembeni wasiozungumza wao kwa wao.

Kwa hiyo mwandaaji mpya aanze na mbio za mchana, miaka miwili au mitatu, hadi wasimamizi wake wafahamiane kwa sauti. Au afanye la kati: saa tatu au nne za mchana, zamu za madereva zikiwapo, mafuta yakijazwa, lakini jua liko juu. Hilo la kati ndilo nalipenda kuliko yote kwa wanaoanza. Linafundisha karibu kila kitu cha usiku, na gurudumu likitoka, watu wanaliona linakokwenda.

Rafiki mmoja wa Arusha aliniuliza kama jambo hili linawezekana kwetu. Viwanja tunavyo, mafundi tunao wazuri kuliko huku. Mashine za kukalia hatuna za kutosha, nyasi zetu nyingi zinakatwa kwa fyekeo, na kuagiza mashine mpya ili uzitoe visu ni kuupindua mchezo uliozaliwa kwa sababu kila mtu alikuwa nazo bandani. Nilimwambia atazame kwanza kile kilichojaa kwenye mabanda ya kwao.

Mpwa wangu alisoma yote haya na akanipigia tena. Wamechagua msimu wa mbio fupi kwanza, Kundi la 4, na za usiku mwaka unaofuata wakipata watu saba. Mashine wamekwisha kuipata, haina boneti ila wameahidiwa. Jumamosi iliyopita walikuja nayo kwangu, nikawafunga vitambaa machoni mmoja baada ya mwingine na kuwapa mkanda. Wa kwanza alitumia dakika ishirini na saba. Wa tatu, ambaye alikuwa amekaa kimya pembeni akiwaangalia wenzake mikono, alimaliza kwa kumi na nne, na vishikio vyote viwili vilikuwa ndani.